Nataka Hilux yangu ingurume kama V8 ya Kimarekani: ninunue kamshafti gani?

Ami Fundi,

Asalaam aleykum. Mimi ni kijana wa hapa Malindi, mtaa wa Maweni. Nina pikapu Hilux ya petroli, injini 22R, aliyoniachia marehemu baba. Alfajiri huenda Ngomeni au Mambrui kuchukua samaki na kuleta mjini. Msimu wa maembe hubeba mzigo kutoka Magarini, na wikendi nikipata wageni huwapeleka Marafa kuangalia lile korongo la Nyari. Gari hili ndilo linalotulisha mimi, mama, mke wangu na wadogo zangu wawili.

Ami, nimekuwa nikitazama video za pikapu za Marekani, hasa zile Chevrolet za V8. Gari limesimama tu, dereva hajagusa mafuta, lakini linatikisika na kutoa ule mlio wa kukatikakatika: dugu, dugudugu, dugu. Wenyewe wanasema siri yake ni kamshafti. Roho yangu imeingia huko kabisa. Nataka nikiingia stendi watu wajue ni mimi kabla hawajaniona.

Kuna muuzaji wa Mombasa nimempata kwa simu. Ana kamshafti tatu za 22R. Moja imeandikwa 260, ya pili 270, ya tatu 290. Anasema 290 ndiyo yenye sauti ya Kimarekani, itanipa nguvu nyingi zaidi, na kwamba ni kutoa ya zamani na kutia mpya, hakuna kingine cha kubadilisha. Ile kubwa anataka elfu arobaini na tano, ndogo elfu thelathini. Nitume pesa kwanza.

Na nguvu kwa kweli naihitaji. Mwaka juzi gari lilichemka njiani, hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ikapinda, tukaipeleka kuchongwa. Tangu lilipofungwa limekuwa zito. Nikiwa na mzigo wa samaki na barafu, kwenye mchanga wa Ngomeni lazima nishuke mpaka gia ya kwanza mahali ambapo baba alikuwa akipita na ya pili. Likishika kasi linakwenda vizuri, tatizo ni kule chini. Asubuhi nikiwasha kuna mlio wa kukwaruza mbele ya injini kwa sekunde chache, halafu unanyamaza.

Mama anasema nisiguse injini ya babangu. Mimi naona kamshafti itatatua yote mawili, sauti na nguvu. Je, nichukue ipi? Na kama haifai, ni kweli kwamba afadhali niuze Hilux niagize pikapu ya V8 kutoka Marekani?

Mwenye Hilux, Maweni

*

Waalaykum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu baba yako.

Ile ya 290 usiinunue. Na hizo mbili nyingine usizilipie kwanza, mpaka ujue gari lilipoteza nguvu vipi baada ya hedi kuchongwa. Barua yako imenieleza jambo ambalo huenda wewe mwenyewe hukulitilia maanani: kabla ya kuchonga gari lilikuwa na nguvu, baada ya kufungwa likawa zito chini na zuri juu, na mbele ya injini panakwaruza asubuhi. Hizo ni dalili za kamshafti iliyofungwa ikachelewa, yaani inafungua vali baada ya wakati wake, au za kuchoka kwa mnyororo unaoizungusha. Nitafika huko. Kwanza nikueleze habari ya sauti, kwa kuwa ndiyo iliyokutia hamu na wala si hamu ya kudharauliwa. Mlio wa injini nzuri ni raha.

Kamshafti ni ule mhimili uliolala juu ya hedi, wenye nundu zinazosukuma roka, na roka zinafungua vali. Huzunguka mara moja kila kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Umbo la nundu ndilo linaloamua vali ifunguke kwa kina gani, ikae wazi kwa muda gani, na vali ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi zipishane vipi. Hizo 260, 270 na 290 ni digrii za mzunguko wa kranki ambazo vali hubaki wazi. Lakini angalia: kiwanda kimoja huanza kuhesabu vali inapoanza tu kunyanyuka, kingine huanza nundu ikishanyanyua milimita 1.27. Kwa hiyo 260 ya huyu haiwi lazima sawa na 260 ya yule, na muuzaji anayekutajia namba bila kukuambia imepimwa kuanzia wapi hajakuambia kitu.

Sasa, pistoni inapomaliza kutoa moshi na kuanza kuvuta hewa mpya, kuna kipindi kifupi ambacho vali zote mbili ziko wazi. Kamshafti kubwa hurefusha kipindi hicho. Injini ikienda mbio, kina faida yake: moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya nyuma yake na silinda inajaa vizuri. Injini ikiwa imetulia, moshi hauna kasi. Unarudi nyuma mpaka kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, unachafua ile petroli na hewa mpya, basi mchomo mmoja unawaka sawasawa na unaofuata unawaka nusu. Huko kuyumba ndiko ulikokusikia kwenye video. Ni injini inayohangaika kuchoma, na wenye magari hayo wanajua hivyo, wameikubali bei yake.

Lakini kuyumba peke yake hakutoi ule mlio. V8 ya Kimarekani ina silinda nne kulia na nne kushoto, na kranki yake imepindwa kwa namna ambayo silinda za upande mmoja haziwaki kwa mpangilio sawa. Chukua V8 za General Motors za kizazi cha LS, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, kama za Chevrolet za karibuni. Silinda 1, 3, 5 na 7 ziko upande mmoja, 2, 4, 6 na 8 upande wa pili, na zinawaka kwa mfuatano wa 1-8-7-2-6-5-4-3. Fuatisha kwa kidole: 2 na 6 zinafuatana, zote za upande mmoja. 3 na 1 zinafuatana, zote za upande ule mwingine. Kwa hiyo kwenye kila bomba la ekzosi mapigo huja mawili ya karibukaribu, kisha pengo, kisha mengine. Hiyo dugudugu yako imeumbwa ndani ya kranki na mpangilio wa silinda. Kamshafti kubwa inauongeza tu mlio ambao tayari upo.

Injini yako ina silinda nne zilizosimama mstari mmoja, zinawaka 1-3-4-2, moja kila nusu mzunguko wa kranki, bila kupishana hata kidogo. Ni chapuo moja linalopigwa kwa mapigo yaliyolingana. Huwezi kulifanya litoe mwendo wa ngoma ya watu wawili wanaoitikiana kwa kulipiga vibaya. Ukitia 290 humo utapata gari linalotikisika likisimama, linalozima ukiwa kwenye foleni ya sokoni, na mlio ambao madereva wenzako stendi watadhani ni plagi imekufa. Nakuambia kwa uzito, kwa sababu elfu arobaini na tano ni pesa za nyumba nzima.

Na hao Wamarekani wenyewe hawachukui kamshafti kubwa ovyo, hasa wanaofanyia pikapu kazi. V8 ya lita 5.3 iliyofungwa kwenye Silverado kuanzia 1999, ile inayoitwa LM7, ilitoka kiwandani na kamshafti ya digrii 190 tu upande wa kuingiza, ikipimwa kutoka zile milimita 1.27, na pembe ya digrii 114 kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kile cha nundu ya kutoa. Ni ndogo, kwa makusudi, ili injini ivute kutoka chini. Mtu anayevuta trela akibadilisha hukaa karibu na 210. Anayetaka mlio hupanda kwenye 220 na kitu, na hubana ile pembe ikashuka mpaka 110 au 108, maana pembe ikibanwa ndipo vali hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi. Akipita 230, kwa gari la gia za otomatiki atahitaji na konveta nyingine, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, la sivyo gari linasukumana na breki kwenye taa za barabarani. Na huyo ana lita 5.3. Akipoteza nguvu kidogo kule chini bado anabaki na nyingi. Wewe una cc 2,366. Nguvu ya 22R ya kuvuta hufika kileleni karibu na mizunguko 2,800 kwa dakika, na kazi yako yote, mchanga wa Ngomeni, vilima vya kwenda Marafa, tani ya maembe, inafanyika kati ya 1,500 na 3,000. Kamshafti ya 290 huhamisha nguvu kutoka huko na kuipeleka juu, mahali ambapo wewe na barafu yako hamna shughuli.

Sababu yake ni hii. Vali ya kuingiza ikichelewa kufunga, pistoni inaanza kupanda huku mlango uko wazi, na sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia inasukumwa itoke tena. Mbanano wa kweli ndani ya silinda unapungua. Injini za mashindano hufidia kwa kupandisha mbanano wa pistoni. Yako haina fidia ya kutosha.

Liko jambo jingine ambalo muuzaji hakukutajia, nalo linanitia hofu kuliko hayo ya nguvu. Breki zako zina seva, ile sahani kubwa nyeusi nyuma ya silinda ya breki, na seva hutumia mvuto wa hewa kutoka manifoldi kukusaidia kukanyaga. Injini nzima ikiwa imetulia hutoa mvuto wa inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kamshafti kubwa inaweza kuushusha mpaka karibu na 10. Pedali inakuwa ngumu, hasa ukikanyaga mara mbili tatu mfululizo. Sasa jifikirie umejaza samaki na barafu, alfajiri, unakaribia daraja la Sabaki, na mbele yako kuna bodaboda imekata ghafla. Hapo sauti haina thamani yoyote.

Kisha hiyo kauli ya "hakuna kingine cha kubadilisha". Si kweli. Springi za vali za kiwandani zimetengenezwa kwa kupanda kwa vali kwa kiwandani. Ukipandisha zaidi, springi inaweza kubanwa mpaka koili zake zikagusana, au kifuniko chake kikagonga sili ya oili. Vali ikifunguka kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi inakaribia pistoni. Fundi anayejua kazi hubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, akafunga hedi, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya kranki, akafungua tena, akaukata udongo kwa wembe pale vali ilipoacha alama na kupima unene uliobaki. Anataka aone angalau milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa. Kwako jambo hili lina uzito wa ziada kwa kuwa hedi imekwisha kuchongwa, basi vali zako tayari ziko karibu na pistoni kuliko kiwanda kilivyopanga. Na kabureta itahitaji jeti nyingine, yale matundu madogo ya kupitishia petroli, kwa sababu mvuto unaoiamuru kumwaga petroli umebadilika.

Haya, turudi kwenye kule kuchongwa.

Hedi ikipunguzwa, kamshafti inashuka ikakaribia kranki. Mnyororo haujabadilika urefu, kwa hiyo upande wa tenshena, kile kifaa kinachoukaza mnyororo, unachukua ule ulegevu, na kamshafti inajikuta imechelewa. Kwa nusu milimita iliyochongwa ucheleweshaji ni mdogo, kama digrii moja ya kranki, hautausikia. Lakini mnyororo wa zamani uliorefuka kwa kuchakaa huongeza digrii zake juu ya hiyo, na fundi akiufunga huku umeruka jino moja, hapo kamshafti inachelewa kwa kiasi kikubwa. Gari la namna hiyo hufanya vilevile unavyosema: zito chini, na juu likajikaza. Ukiniuliza mimi, jino moja ndilo ninalolishuku kwanza.

Kuangalia hakugharimu ila kifuniko cha juu cha vali na muda wa asubuhi moja. Zungusha kranki kwa spana mpaka alama ya puli ikae kwenye sifuri, silinda namba 1 ikiwa juu na vali zake zote mbili zimefunga, roka zake ziwe na uwazi ukizitikisa. Sasa angalia gia ya kamshafti kwa mbele: ile pini ndogo inayoishika lazima iwe juu kabisa, mahali pa saa sita kwenye sura ya saa. Ikiwa imeegemea upande, mnyororo umefungwa vibaya au umerefuka. Simama mwenyewe uione kwa macho, usiletewe habari.

Na kabla hujafunga kifuniko, chukua tochi umulike chini kando ya mnyororo. 22R za kuanzia 1983 zina mnyororo wa safu moja na reli za kuuongoza zenye uso wa plastiki. Plastiki ikizeeka hukatika, kwanza ile ya upande wa dereva wa Marekani, yaani upande wako wa abiria. Mlio wako wa kukwaruza asubuhi, unaonyamaza oili ikishapata presha ya kusukuma tenshena, ni wa mnyororo unaopiga mahali ambapo reli haipo. Ukiuacha, mnyororo unasugua kifuniko cha mbele cha aluminiamu mpaka unakitoboa, na nyuma ya ukuta huo kuna njia ya maji. Maji yanaingia kwenye oili, na beringi za kranki zinakufa. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili leo hii. Ikiwa oili imegeuka rangi ya maziwa, usiwashe gari hata kwenda dukani.

Ukikuta pini iko sawa, reli ziko nzima na oili ni safi, basi nitakuwa nimekosea kushuku, na tutafute kwingine. Pima mbanano wa kila silinda injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa na umekanyaga mafuta mpaka chini. Nzima hutoa karibu pauni 171 kwa inchi mraba. Ikishuka chini ya 142, au silinda moja ikapishana na wenzake kwa zaidi ya 14, ni ringi au vali. Rekebisha na uwazi wa roka, injini ikiwa moto: milimita 0.20 kwa vali za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa. Vali zilizokazwa sana huungua, kwa hiyo hedi ikishafunguliwa na kufungwa tena lazima uwazi huo upimwe upya.

Ila natarajia utaishia kwenye mnyororo. Nunua seti nzima, mnyororo, gia zote mbili, tenshena na reli. Ziko reli za chuma zenye mpira mgumu juu yake, na zinadumu kuliko plastiki. Kwa kuwa hedi imechongwa, ulizia pia gia ya kamshafti yenye matundu ya kurekebisha, ili ule ucheleweshaji urudishwe mahali pake. Ukipenda nguvu zaidi chini, fundi aiwahishe kamshafti digrii chache kutoka hapo, mbili hadi nne, asizidishe. Hiyo peke yake, na kamshafti ya babako humohumo, inaweza kukurudishia ile gia ya pili ya Ngomeni.

Sasa kama baada ya hayo yote roho bado inataka kamshafti mpya, nitakuelewa, na jibu langu ni ile ndogo, 260. Ni ya pikapu. Itakupa kidogo katikati, haitakunyang'anya chini, breki zitabaki na mvuto wake, na injini itatulia vizuri ikisimama. 270 ningempa mtu mwenye Hilux nyepesi ya kutembelea, anayesafiri Mombasa na kurudi bila mzigo. Wewe huna gari la namna hiyo. Hata kwa 260 mpya badilisha springi za vali, pima kwa ule udongo, na usitumie roka za zamani. Roka za 22R zinateleza juu ya nundu moja kwa moja, hazina magurudumu. Kila roka imekwisha kulika kufuata nundu yake, na ukiiweka juu ya nundu mpya itaila, wala haitachukua muda.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza ndiyo inayoamua kama kamshafti itaishi. Nundu zote zipakwe ile grisi nzito ya kufungia inayokuja na kamshafti. Maji yawemo, oili iwemo, kabureta iwe na petroli, ili injini iwake mara moja bila kuzungushwa sana na stata. Ikishawaka usiiache itulie. Ishike kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika ishirini, ukiibadilisha kidogokidogo, kwa sababu ikiwa imetulia oili hairushwi vya kutosha juu ya nundu. Kisha mwaga hiyo oili na kichujio. Oili nyingi za petroli za siku hizi zimepunguzwa zinki na fosforasi ili zisiharibu kichujio cha moshi cha magari mapya, na nundu za injini ya zamani huhitaji zinki hiyo. Oili ya 15W-40 iliyotengenezwa kwa injini za dizeli nzito kwa kawaida huwa nayo zaidi, na haikosekani Malindi.

Na sauti? Tuitafute kwenye ekzosi, mahali pake. Ondoa manifoldi nzito ya chuma ya kutoa moshi, utengenezewe bomba nne zinazoungana mbili mbili kisha kuwa moja, mtindo huo unasaidia nguvu ya katikati. Kutoka hapo bomba la inchi 2 mpaka nyuma, lisizidi inchi 2 na robo. Bomba pana kupita kiasi kwenye silinda nne hupunguza kasi ya moshi na mlio ukawa wa bati. Sailensa iwe ndefu, ya kupita moja kwa moja yenye pamba ya kioo ndani. 22R yenye ekzosi hiyo ina mlio mzito, wa chini, unaotambulika barabara nzima, na ni mlio wake halali. Nimezisikia, zinapendeza. Usikubali fundi wa kulehemu akuambie utoe sailensa kabisa. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinagusa magari pia, na zaidi ya sheria, wewe hupita mitaani alfajiri watu wakiwa wamelala au wako msikitini.

Kuhusu kuagiza V8 kutoka Marekani, usiuze Hilux kwa ndoto hiyo. Kule usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Gari la kuagiza pia halitakiwi kuzidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, kwa hiyo zile za zamani za bei nafuu unazoziona kwenye video hazipiti bandarini. Kuna za kugeuzwa usukani, ila bei yake itanunua Hilux nyingine na mashua juu yake.

Mama yako mwambie hivi: injini ya baba tunaifungua ili tuitengeneze, hatuichezei. Nadhani ataridhika, na pengine atakuchangia ya mnyororo.

Yule wa Mombasa mpigie umuulize maswali matatu kabla ya jambo lolote. Akupe picha ya karatasi ya vipimo iliyokuja na kamshafti, yenye kupanda kwa vali, digrii na ile pembe, na ionyeshe digrii zimepimwa kuanzia wapi. Akuambie kama ni mpya au ni ya zamani iliyochongwa upya, maana iliyochongwa upya huwa na kiini chembamba zaidi na roka zinakaa tofauti. Halafu umuulize kama anauza na roka pamoja na springi zake. Akikujibu kwamba za zamani zinatosha, usitume hiyo M-Pesa.